Ncha za Dunia (Sehemu ya 4): Anachokijua Mwalimu

Walimu wengi wanajua kwamba barafu ya ncha za dunia inayeyuka. Wanaoweza kueleza ni barafu ipi hasa inayopandisha bahari ni wachache, na upungufu huo unaonekana zaidi sasa, baada ya Umoja wa Mataifa kuutenga mwaka 2025 kwa ajili ya kuhifadhi barafu za nchi kavu na kuifanya Machi 21 ya kila mwaka kuwa siku yake.

Kosa la kwanza ni kuchanganya tundu la ozoni na ongezeko la joto. Tafiti za miaka ya 1990 kwa wanachuo wa ualimu wa Uingereza na Marekani ziliwakuta wengi wakiamini kuwa joto linaingia kupitia tundu hilo. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya pili, tundu lililotangazwa mwaka 1985 na Joseph Farman na wenzake kwa vipimo vya kituo cha Halley, Antaktika, lilitokana na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukazidhibiti. Joto linaletwa zaidi na hewa ukaa. Mwalimu asiyetenganisha mambo haya huwakataza watoto marashi ya kupuliza, huku petroli na makaa ya mawe yakipita bila kutajwa.

Kosa la pili, la kudhani kuwa barafu yoyote ikiyeyuka hupandisha bahari, hurekebishwa kwa bilauri mbili. Katika ya kwanza vipande vya barafu huelea majini. Katika ya pili huwekwa juu ya jiwe lililochomoza nje ya maji. Kina cha maji huwekewa alama ya kalamu. Barafu ikiisha, maji ya bilauri ya kwanza hubaki kwenye alama, ya pili huipita. Bilauri ya kwanza ni Aktiki, ambako barafu inaelea baharini; ya pili ni Greenland na Antaktika. Barafu yote ya Greenland ingeyeyuka, bahari ingepanda mita 7 hivi. Ya Antaktika, zaidi ya mita 50.

Chanzo cha makosa haya ni cha zamani. Ncha zilifundishwa kama mbio: Amundsen alifika Ncha ya Kusini Desemba 14, 1911, Scott akachelewa, somo likaisha. Aliyepinga mtazamo huo mapema, na ambaye vitabu vya shule vimemtupa isivyo haki, ni Karl Weyprecht, ofisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria. Meli yake, Tegetthoff, ilinaswa na barafu mwaka 1872 na kuchukuliwa na mkondo hadi kwenye visiwa vilivyokuwa havijulikani, vikaitwa Franz Josef. Mei 1874 mabaharia waliiacha meli wakaanza kukokota mashua juu ya barafu kuelekea kusini. Barafu nayo ikawa inawarudisha kaskazini; baada ya miezi miwili ya jasho walikuwa kilomita zipatazo 15 tu kutoka melini. Aliporudi, Weyprecht hakudai sifa ya kugundua visiwa. Alisema safari za kushindania bendera hazina faida kwa elimu. Kinachotakiwa ni vituo vingi vinavyopima hali ya hewa na usumaku kwa saa zilezile. Alifariki mwaka 1881. Mwaka uliofuata ulianza Mwaka wa kwanza wa Kimataifa wa Ncha, wa vipimo vya pamoja vya aina hiyo, ukafuatiwa na wa 1932, wa 1957 na wa 2007. Ule wa 1957 ndio uliowezesha Charles Keeling kuanza kupima hewa ukaa Ncha ya Kusini na Mauna Loa, vipimo ambavyo hakuna somo la tabianchi linaloweza kuvikwepa.

Kuhusu misimamo ya walimu wenyewe, uchunguzi wa walimu 1,500 wa sayansi nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa wengi walilipa suala la mabadiliko ya tabianchi saa moja au mbili tu kwa mwaka, na chini ya nusu walijua jinsi wanasayansi wanavyokubaliana kwa wingi kuwa binadamu ndiye chanzo chake. Programu ya PolarTREC ya huko iliwapeleka walimu ncha za dunia wakafanye kazi na watafiti, jambo ambalo Weyprecht angelifurahia.

Kwa Afrika Mashariki, kisingizio cha umbali hakina msingi. Barafu ya Greenland ni nzito kiasi cha kuyavuta maji ya bahari yaelekee kwake. Ikipungua, mvuto nao hupungua: maji ya karibu yake hushuka, na ya maeneo ya mbali, tropiki ikiwemo, hupanda kuliko wastani wa dunia. Lamu, Unguja na Kilwa zimo katika hesabu hiyo. Mwaka wa tano wa Ncha umepangwa kuwa 2032 hadi 2033, na vyuo vya ualimu vya pwani havina sababu ya kuusubiri: jaribio la bilauri linahitaji barafu ya dukani na kipindi kimoja cha asubuhi.