Tangi la samaki wa baharini Tabora: Kioo cha mtumba hupatikana, bahari ndiyo kazi

Tangi la kioo la lita 200, pamoja na pampu, kichujio na hita yake, ni mzigo unaoweza kusafirishwa kwa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, umbali wa kilomita 840 hivi, bila kumfilisi mnunuzi. Vifaa vya namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu na watu wanaohama au waliochoka kuvitunza. Kinachomshinda mfugaji mpya wa samaki wa mapambo si kioo, bali maji ya kukijaza.

Hata hivyo mtumba nao una maradhi yake. Tangi lijazwe maji ya kawaida likiwa nje, mahali palipo sawa, na liachwe siku tatu au nne. Kama gundi ya silikoni pembeni imekauka na kubanduka, litavuja hapo na si sebuleni. Maji ya lita 200 yana uzito wa kilo 200, mbali na kioo na mawe, kwa hiyo meza ya kawaida haifai. Ukoga mweupe ulioganda kwenye vioo na pampu huondolewa kwa siki, wala sabuni isiguse kitu. Cha kutiliwa shaka zaidi ni hita, kwa kuwa mpira wake wa kuzuia maji huchakaa, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi. Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, hivyo hita haiepukiki. Hiyo inunuliwe mpya.

Lipo swali moja ambalo muuzaji hana budi kuulizwa: je, samaki wake waliwahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba? Dawa hiyo huua vimelea vya samaki, lakini shaba hunywewa na mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo. Samaki huweza kuistahimili. Kamba, konokono na matumbawe hufa. Jibu likiwa ndiyo, mawe na mchanga wa zamani vitupwe.

Baada ya hapo ndipo huja suala la chumvi. Mkazi wa Tabora anaweza kuuliza kwa nini ahangaike na pwani ilhali Uvinza iko kwenye reli hiyo hiyo, upande wa Kigoma. Chemchemi za Uvinza zimetoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,500, kama uchimbaji wa wanaakiolojia ulivyoonyesha, na katika karne ya 19 chumvi hiyo ilikuwa bidhaa mashuhuri kwenye njia ya misafara kati ya Ujiji na Unyanyembe. Kwa chakula haina kasoro. Kwa samaki wa baharini haitoshi, kwa sababu karibu yote ni sodiamu na kloridi, wakati katika bahari viwili hivyo ni takriban asilimia 85 tu ya chumvi yote. Sehemu iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalisi, potasiamu na vingine vichache, na humo ndimo matumbawe hupata malighafi ya kujengea mifupa yao. Haidromita haitamwonya mtu: yenyewe hupima uzito wa maji, haijui ni chumvi gani iliyomo. Itasoma 1.025 kama baharini, na wanyama watakufa vilevile.

Njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni chumvi maalumu ya kiwandani yenye madini yote, gramu 35 kwa lita, yaani kilo 7 kwa tangi hilo. Ya pili ni kuleta bahari yenyewe: madumu kumi ya lita 20 kwa kuanzia, kisha dumu moja kila wiki ikiwa asilimia 10 ya maji hubadilishwa. Maji hayo yasichotwe karibu na mlango wa mto, iwe Msimbazi jijini Dar es Salaam au Ruvu karibu na Bagamoyo. Kwa hesabu za wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mzigo wa mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, tangi moja lingehitaji watu saba.

Maji yakiwa tayari, subira ndiyo huokoa fedha. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo na makali. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Anayeweka samaki siku ya pili huwaua. Aidha, katika kiangazi kikavu cha Tabora maji hupungua haraka, lakini chumvi haipungui. Kinachoongezwa ni maji baridi yaliyoondolewa klorini. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri huokoa maisha, kwani maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi.

Kwa gharama hizo, tangi la kwanza mjini Tabora lingefaa zaidi kujazwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya perege, karibu zote zisizopatikana kwingineko, na baadhi zina rangi zinazoshindana na za miamba ya pwani. Lina hata kiwavi cha baharini, kilichoonwa na Mjerumani Richard Böhm mwaka 1883, na jambo hilo lilimfanya mtaalamu wa Kiingereza J.E.S. Moore ashikilie kwamba ziwa hilo liliwahi kuungana na bahari. Hoja hiyo ilikuja kukataliwa. Maji yake ni baridi lakini magumu, yenye pH ya karibu 9, na vijiwe vya chokaa ndani ya kichujio husaidia kuyakaribia. Tangi, pampu na hita ni vilevile. Samaki wanunuliwe kwa wafanyabiashara wenye leseni, na ni heri kuanza na wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, ambao hutosheka hata na tangi la lita 60.