Matope ya Mau Narok ndiyo hula saa za dereva

Julai ikifika, baridi ya Mau Narok haina mchezo. Huku ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ukungu unatanda mashambani, na viazi, karoti na kabeji vinangoja lori.

Wewe unayekula vibanzi Nairobi, jua kuna msee amekesha. Soko la Wakulima, lile tunaliita Marikiti, huchangamka alfajiri. Ukifika jua limewaka, bei imeshuka, na broka hataki kusikia habari za mvua.

Lakini saa hazipotelei barabara kuu. Zinapotelea shambani. Lori linakwama, trekta inatafutwa, na viazi lazima vikauke kidogo kwanza, maana vikifunikwa na turubai vikiwa vimelowa vinaoza. Giza likiingia ndio safari inaanza: Njoro, Nakuru, Gilgil, Naivasha, kisha ukungu wa Kinungi na Kinale, ambapo mwanga wa taa zako unakurudia machoni.

Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Sawa. Lakini kushinda matopeni ukisukuma lori nako ni kazi. Mwili wake umehesabu.

Kwa hivyo tusiishie kuwaambia madereva wapunguze kasi. Barabara za mashambani ziwekwe changarawe, na mvua isikatwe kwa mshahara wa dereva. Kabeji zikichelewa zitauzwa kwa hasara. Dereva akisinzia kwa usukani, huenda asifike nyumbani kabisa.