Fahamu: Wajibu wa kuzuia mauaji ya kimbari

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unazitaka nchi kuzuia mauaji ya kimbari, si kuwaadhibu wauaji tu. Kisheria, wajibu huo unafika wapi?

Jibu lilitoka Februari 2007, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia. Serbia haikukutwa na hatia ya kutenda mauaji ya kimbari ya 1995 katika mji wa Srebrenica, Bosnia, ila ilivunja wajibu wa kuyazuia: ilikuwa na ushawishi mkubwa kwa wauaji, haikuutumia. Nchi hailazimiki kufanikiwa. Inalazimika kufanya kila iwezalo, tangu inapojua, au ilipopaswa kujua, kwamba hatari kubwa ipo.

Fidia haikuamriwa. Kwa waliofiwa, hukumu hiyo ilikuwa nyepesi mno.