Manowari za kujificha na bei ya kontena

Mfanyabiashara anayesubiri vipuri vya Boxer pale Malaba, au katoni za dawa pale Rusumo, hupiga hesabu ya ushuru, foleni ya malori na bei ya dola. Wachache hukumbuka kilichotokea kabla mzigo haujagusa gati la Mombasa au Dar es Salaam. Lakini kwa bidhaa zinazotoka Mumbai na Gujarat, sehemu ndefu ya safari ni bahari, na katika bahari hiyo India inaingiza manowari za aina mpya.

Ni meli saba za Mradi 17A, zote zikiwa na majina ya milima: Nilgiri, Himgiri, Udaygiri, Taragiri, Dunagiri, Vindhyagiri na Mahendragiri. Nne ni kazi ya Mazagon Dock ya Mumbai, tatu ni za Garden Reach ya Kolkata. Nilgiri ilishushwa majini Septemba 2019, ikaingia rasmi jeshini Januari 15, 2025. Udaygiri na Himgiri zilifuata siku moja, Agosti 26, 2025, katika bandari ya Visakhapatnam. Zaidi ya miaka mitano tangu kushushwa majini hadi kuanza kazi! Anayelalamika kwamba lori lake limelala mpakani siku nne ajue kwamba waunda meli nao wana foleni yao.

Kila moja ina urefu wa karibu mita 149 na uzito wa tani zaidi ya 6,600. Kijeshi huitwa frigeti, yaani manowari ya kati, kubwa mno kuliko boti za doria ambazo watu wa pwani yetu wamezizoea.

Sifa inayotajwa zaidi ni kujificha, na hapo ndipo wengi hupotoshwa. Meli ya ukubwa huo haiwezi kupotea machoni. Mvuvi wa Kilifi aliye ndani ya ngalawa yake ataiona kama anavyoiona meli nyingine yoyote. Inayodanganywa ni rada. Rada hurusha mawimbi, yakigonga kitu yanarudi, na ukubwa wa kile kinachorudi ndio humweleza adui kuna nini mbele yake. Meli ya kawaida ina ubavu uliosimama kama ukuta, na juu yake kumejaa nguzo, ngazi, mizinga na boti zinazoning'inia. Kila kona hurudisha mawimbi. Kwenye Nilgiri kuta zimeinamishwa, boti zimefunikwa kwa milango iliyolingana na ubavu, na makombora yamepangwa wima chini ya sitaha. Mawimbi hutupwa pembeni, hivyo kwenye kioo cha rada meli huonekana ndogo kuliko ilivyo. Moshi wa injini nao hupoozwa kabla ya kutoka, kwa kuwa yapo makombora yanayofuata joto, na mitambo hupunguzwa kelele ili nyambizi zisiisikie kwa mbali.

Kuna makombora ya BrahMos, yaliyotengenezwa kwa ushirikiano na Urusi, ya kupiga meli nyingine. Hayo ni ya vita vya mataifa. Yanayomhusu zaidi mwenye kontena ni yale ya kujikinga na angani, ya jamii ya Barak 8, ambayo India iliyaunda pamoja na Israel. Sababu ni kwamba hatari ya baharini imebadilika.

Mwaka 2008 hatari ilikuwa vijana wa Kisomali wenye boti za kasi, ngazi na bunduki. Septemba mwaka huo waliteka Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33, wakaiachia Februari 2009 baada ya kulipwa fidia. Aprili 2009 ikafuata Maersk Alabama, nayo ikija Mombasa na chakula cha msaada. Manowari za mataifa mengi zilijazana baharini, meli zikaweka walinzi wenye silaha, na utekaji ukapungua hadi Januari 1, 2023, jumuiya za wenye meli zilipoiondoa Bahari ya Hindi katika orodha yao ya maeneo ya hatari kubwa.

Nafuu hiyo haikumaliza mwaka. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu kwa makombora na droni. Hapo boti ya doria yenye bunduki haina la kufanya. Januari 2024 meli ya mafuta Marlin Luanda ilipigwa ikashika moto, na mabaharia wa manowari ya India, Visakhapatnam, wakasaidia kuuzima. Maharamia nao wakaona macho ya dunia yako kwingine, wakarudi kazini. Machi 2024 manowari Kolkata iliikomboa meli Ruen kutoka mikononi mwa maharamia 35. Mabaharia wote 17 walitoka hai.

Meli kutoka Mumbai kuja Mombasa haipiti Bahari ya Shamu. Hata hivyo, makampuni yalipoanza kuzungusha meli zao za Ulaya kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ziliongezeka siku nyingi, meli na kontena tupu zikawa adimu, na nauli ikapanda hata kwenye njia ambazo hazijarushiwa hata jiwe.

Ndiyo maana kuna kitu cha ajabu katika manowari hizi. Zimeundwa zisionekane na adui, ilhali faida yake kwa biashara iko katika kuonekana. Haramia huahirisha safari akijua manowari iko karibu, na kampuni ya bima hulegeza masharti ikijua hivyo hivyo. Manowari iliyojificha vizuri mno haimtishi mtu.

Wala mitambo bora haimalizi makosa. Novemba 18, 2008, katika Ghuba ya Aden, frigeti ya India iitwayo Tabar, iliyoundwa Urusi na kusifiwa nayo kwa kutonaswa kirahisi na rada, ilizamisha chombo ilichodai ni meli mama ya maharamia. Baadaye ilibainika kuwa ni meli ya wavuvi wa Thailand, iliyokuwa imetekwa siku hiyo hiyo huku wavuvi wake wakiwa bado ndani. Mmoja aliokotwa hai baada ya kuelea siku sita. Jeshi la India lilisema lilifyatua risasi kwa kujihami baada ya kutishiwa. Rada ilikiona chombo, haikuona waliokuwa ndani.

Kwa nchi za Afrika Mashariki swali ni la karibu zaidi. Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa mazoezi ya pamoja ya majini Dar es Salaam, na Kenya ilikuwa miongoni mwa walioshiriki. Ni hatua nzuri, lakini hakuna nchi ya ukanda huu yenye manowari ya kuzuia kombora linaloelekezwa kwenye meli ya mizigo. Uganda, Rwanda na Burundi hazina hata pwani. Ulinzi wa njia hiyo umeachwa kwa wenye manowari, nao watazipeleka kwanza kule maslahi yao yaliko.

Gharama ya hatari hiyo huandikwa kwenye ankara ya kampuni ya meli kama mstari mmoja, nyongeza ya hatari ya vita. Mwagizaji mkubwa wa Nairobi au Kampala huuona, akaupinga au akaulipa. Mama anayevusha vipuri Busia haoni ankara hiyo kabisa. Yeye hukutana nayo dukani kwa muuzaji wa jumla, ikiwa imeshaingia kwenye bei.