Kijiji kidogo cha Ireland kilichotuletea mapadre

Wakazi wote wa Kiltegan, kijiji cha Wicklow nchini Ireland, wangetoshea kwenye ploti chache tu za ghorofa pale Kimbo, Ruiru. Lakini udogo huo usikudanganye.

Hapo ndipo Shirika la Mtakatifu Patrick lilianzishwa Machi 17, 1932. Mapadre wake, maarufu kama Kiltegan Fathers, walianzia Nigeria, kisha wakatua Kenya miaka ya 1950 na kufanya kazi Eldoret na Kitui. Njaa ilipobana Turkana mwaka 1961, waliingia huko pia.

Sasa mambo yamegeuka. Ireland vijana wanaotaka upadre ni wa kuhesabu, na mapadre waliopo wengi ni wazee. Wanaojiunga na shirika hilo siku hizi ni vijana wa Afrika, Wakenya wakiwemo. Tayari kuna parokia za Ireland zinazosomewa misa na mapadre kutoka huku kwetu.

Kwa hivyo kijana wa Kimbo, ukisikia wito usiseme mtaa wenu haujulikani. Kiltegan nayo nani aliijua? Kibarua ni nyumbani: mama aliyekusomesha akisubiri wajukuu, utamwambiaje?