Injini Ziliponyamaza Kidogo

Safari yangu ya kwanza ya ndege, Mwanza kwenda Dar, nilidhani ndo ya mwisho. Tulikuwa tunapanda vizuri tu, mara pua ikainama kidogo na ngurumo ya injini ikashuka. Nikang'ang'ania kiti. "Tulia mwanangu," mama wa jirani akaniambia, "ndo kawaida yake." Kawaida ipi? Nikaenda kuisoma.

Kumbe ndege kubwa ya abiria ina mtambo unaosogeza wenyewe vishikio vya nguvu ya injini. Ungedhani kazi yake ni moja, kulinda mwendo. Ndivyo ilivyo ndege ikiwa imetulia kwenye kimo kimoja. Lakini rubani akichagua utaratibu wa kubadili kimo, kazi inagawanywa upya: kupanda, injini zinapewa nguvu ya kupandia na kuachwa hapo, kushuka, zinarudishwa hadi chini kabisa. Mwendo sasa unalindwa na pua. Ukizidi, pua inainuka, ukipungua, inainama. Mtu wa baiskeli aliyeacha kupiga pedeli mlimani analijua hili: mteremko ndio unaoamua kasi. Kimo kikifikiwa, mtambo unarudia kulinda mwendo, na nguvu yote ile haihitajiki tena. Ndicho kilichonitoa jasho.

Sasa, ikiwa mwendo umeachiwa pua, halafu rubani akaishika pua kwa mkono wake?

Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana kutoka Seoul ilikuwa inakaribia kutua San Francisco, ikiwa juu kuliko inavyotakiwa. Rubani akachagua utaratibu huohuo, ilhali kimo kilichokuwa kimewekwa, futi 3,000, kilikuwa juu yao. Ndege ikataka kupanda. Akazima otopailoti, akavuta vishikio hadi nyuma. Kwa jinsi 777 ilivyoundwa, mtambo ukaviachia hapohapo: umewashwa, ila haulindi kitu. Mwendo uliotakiwa ulikuwa kama kilomita 254 kwa saa. Ukaporomoka hadi kama 191. Mkia ukagonga ukuta wa bahari. Kati ya watu 307, watatu walifariki.

Wachunguzi wa Marekani waliwalaumu marubani, lakini wakataja pia ugumu wa mifumo hiyo na maelezo hafifu kwenye vitabu vya Boeing. Mimi hilo la pili ndilo linanikera. Mtambo wenyewe ulikuwa umeshasema, kwa neno moja dogo kwenye kioo mbele yao: HOLD.