Kabla Hujamaliza Kumlipa Fundi wa Kiti, Kiendeshe Kwanza

Majuzi mwenzetu mmoja hapa ofisini alitoka Nairobi kwenda Mombasa na pikipiki yake, Boxer ya 150. Ni safari ya karibu kilomita 480. Wiki hiyo alikuwa ametoka kubadilisha kiti, kwa sababu kile kilichokuja na pikipiki kilikuwa kimeisha. Fundi alimwambia, "Bosi, bonyeza hapa uone. Hii ni laini kama kitanda." Akabonyeza, akafurahi, akatuma pesa zote papo hapo.

Hadi Emali mambo yalikuwa sawa. Makindu alianza kujisogeza kushoto na kulia kama mtoto aliyechoka na mahubiri. Mtito Andei, nusu ya safari, alishuka akashika ukuta wa petroli steshoni kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alipompigia fundi simu, jibu lilikuwa fupi: "Si ulijaribu mwenyewe ukasema ni poa?"

Alifika Mombasa akiwa amekalia shuka ya Kimaasai iliyokunjwa mara nne. Tulimcheka, lakini kicheko hakikudumu, maana tulijua si yeye peke yake. Kama wewe ni mwendesha bodaboda, unakalia kiti hicho kutoka alfajiri hadi usiku. Mgongo ukikataa, hakuna kazi, na pesa uliyomlipa fundi haitakusaidia.

Kwa hivyo leo tuongee mambo mawili yanayoenda pamoja: jinsi ya kuchagua kiti cha safari ndefu, na jinsi ya kukilipia bila kujuta.

Laini si sawa na starehe

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Ukikaa, uzito wa mwili hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini sana huipokea vizuri dakika chache za kwanza, halafu huzama mpaka chini. Mifupa hugonga plastiki ya kiti, nyama ya pembeni hubanwa, damu haipiti vizuri, na ganzi huanza.

Kiti kizuri cha safari ndefu huwa kigumu kidogo ukikibonyeza kwa mkono. Mkono unakudanganya kwa sababu hauna uzito wa mwili wako. Ni kama godoro: lile linalozama dukani ndilo linaloamsha mgongo ukiuma. Mwambie fundi akuwekee sponji nzito chini, kwa mfano ile iliyotengenezwa kwa vipande vilivyogandishwa pamoja, halafu tabaka jembamba la sponji laini juu. La chini linabeba uzito, la juu linaondoa ukali.

Mambo matano ya kuangalia

*Upana.* Sehemu unayokalia iwe pana ya kutosha kubeba mifupa yote miwili. Mbele, karibu na tangi, iwe nyembamba ili miguu ifike chini ukisimama kwenye foleni.

*Mteremko.* Kiti kikiinama kuelekea tangi, utakuwa ukiteleza mbele kila ukishika breki na kujirudisha nyuma kwa mikono. Baada ya saa mbili mabega yatakuwa yanauma, na utadhani shida ni usukani. Mahali pa kukaa pawe karibu sawa.

*Urefu kutoka chini.* Kuongeza sponji kunaongeza urefu. Kwa mtu mrefu ni raha, kwa sababu magoti hayakunjiki sana. Kwa mtu mfupi ni hatari kwenye matope na mchanga. Na ukiomba sponji ikatwe ili ushuke chini, kumbuka unapunguza kile kinachokukinga na mitikisiko.

*Kava na mshono.* Mshono ukipita katikati ya mahali unapokalia, maji ya mvua yataingia humo. Sponji ikinywa maji hukaa mbichi siku nyingi na huharibika haraka. Omba mishono ikae pembeni, na nailoni iwekwe kati ya sponji na kava. Kava iwe na mkwaruzo kidogo ili usiteleze. Kama unaegesha juani, nyeusi tupu itakuchoma.

*Kushika kwenye fremu.* Kiti cha TVS si cha Boxer, hata kama vinafanana kwa macho. Angalia kama kinafunga bila kulazimishwa na kama raba za chini zipo. Kiti kinachocheza kitakuchosha hata sponji ikiwa nzuri. Na usivutiwe na kiti kilichorefushwa ili kibebe watu wengi: sheria inaruhusu abiria mmoja tu.

Jambo lingine: usikubali kiti cha zamani kitupwe. Kama hali inaruhusu, nunua kiti kingine chakavu, fundi akifanyie kazi hicho, na kile cha kwanza kikae nyumbani. Kazi ikienda vibaya, bado una pa kurudi.

Je, mto wa juu unatosha?

Kuna watu wanaanza na kitu cha kuweka juu ya kiti, na si wazo baya kama pesa bado haijatosha. Ngozi ya kondoo hupitisha hewa na hupunguza joto. Mto wa hewa husaidia ukijazwa kidogo tu. Ukijazwa mpaka ukawa kama mpira, utakuwa unayumba juu yake. Jeli hutuliza, lakini ikiachwa juani hushika joto, na utalisikia ukikaa.

Kabla ya yote, angalia upepo wa tairi na springi za nyuma. Springi zikiwa zimekufa, hakuna kiti kitakachokuokoa kwenye barabara yenye mashimo.

Lipa kwa awamu, barabara iseme

Kiti hakijulikani dukani. Kinajulikana baada ya saa moja barabarani, na zaidi baada ya wiki, sponji ikishazoea uzito wako. Kwa nini basi umalize malipo dakika tano baada ya kukibonyeza?

Tuseme mmeelewana kazi ni shilingi 3,000. Pendekeza hivi:

- 1,500 mwanzoni, fundi anunue sponji na kava.
- 1,000 kiti kikishafungwa na umezunguka nacho kidogo.
- 500 baada ya wiki moja, ukishakwenda safari ya kweli.

Fundi naye ana hofu yake. Amewahi kuona mteja akiondoka na kiti na simu ikazimwa. Ndiyo maana malipo ya kwanza yawe ya kutosha kumlipia vifaa. Akikataa kabisa kungoja hiyo 500, mwombe jambo lingine: akubali kurekebisha bure ndani ya siku saba. Makubaliano hayo mtumie kwa meseji, naye ajibu "sawa". Meseji hiyo moja ingemsaidia sana mwenzetu pale Mtito Andei.

Unapolipa, kumbuka haya:

- Kama duka lina nambari ya Till, lipa huko badala ya kutuma kwa namba ya mtu.
- Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama silo ulilotarajia, simama, uliza.
- Usifute meseji za malipo. Zina tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, na ndizo risiti yako mkikosana.
- Umetuma kwa namba isiyo yenyewe? Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyoweza kutolewa.
- PIN yako usimpe mtu. Si fundi, si muuzaji, si mtu anayedai anapiga kutoka kwetu.

Ukinunua mtandaoni, omba video ya kiti hicho kikiwa kimefungwa kwenye pikipiki ya aina yako, si picha ya kuokota. Muuzaji akikuharakisha eti "kimebaki kimoja, tuma sasa", hiyo haraka ni sababu ya kutotuma. Lipa kikishafika na umekishika kwa mkono.

Na kama 3,000 inaonekana nyingi kwa mara moja, weka kando shilingi 50 kila siku kwenye akiba ya simu. Siku 60, kiti kimelipika bila kukopa.

Mwenzetu je?

Alirudi kwa fundi yuleyule. Safari hii hakuenda kugombana. Alienda na vipimo: sponji nzito chini, mteremko uondolewe, mshono uhamie pembeni. Walielewana kwa awamu tatu. Jumamosi iliyofuata alienda Nakuru na kurudi, zaidi ya kilomita 300. Jumatatu asubuhi alikuja kazini akitembea wima.

Jioni hiyo akatuma ile 500 ya mwisho. Fundi akamjibu, "Asante bosi. Leta na wenzako."

Tutampelekea. Safari njema, na ukifika Mtito Andei, shuka unyooshe miguu hata kama kiti ni kizuri.